Anzeni na pawa saplai: hotuba kwa wanaotaka kuunda kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo

Wazazi, vijana, na mafundi wenzangu mlioketi kule nyuma, hamjambo.

Mada ya leo ni kuchagua vifaa vya kompyuta ya nyumbani wakati mfuko ni mwepesi. Ukiingia duka lolote la Kariakoo, au la Luthuli Avenue kule Nairobi, swali la kwanza la mteja huwa ni prosesa, ubongo wa kompyuta: hii ni Core i5 au Core i7? Leo tutaanza kwingine. Tutaanza na kile kisanduku cha chuma kinachokaa nyuma ya kasha, ambacho watu hukikumbuka mwisho, imebaki chenji tu: pawa saplai, inayogawa umeme kwa vifaa vyote.

Prosesa dhaifu itakuchelewesha kazi, basi. Pawa saplai mbovu ikifa haifi peke yake. Inaondoka na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, na mara nyingi inaondoka na diski yenye picha za harusi na kazi za shule za watoto. Wahenga waliposema rahisi huvunja upishi hawakuwa wameiona pawa saplai ya kuchakachua, lakini wangeiona wangeitambua.

Chukueni lebo iliyobandikwa ubavuni mwake. Juu pameandikwa kwa herufi kubwa wati 500, au 600, au 700. Hiyo iacheni kwanza. Tafuteni jedwali dogo, na ndani yake safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki inayochora picha kwenye kioo, yaani walaji wakubwa, hula kwenye laini hiyo. Chini yake mtaona ampea. Zidisheni ampea hizo kwa 12. Lebo ikisema 14A, mna wati 168 za kweli, hata kama juu imejitangaza kuwa ya 600. Pawa saplai ya wati 450 yenye haki na jina lake huandika 36A au karibu na hapo, yaani wati 432. Hesabu hiyo haihitaji fundi. Inahitaji simu yenye kikokotoo, na ujasiri wa kumwambia muuzaji "lete nyingine".

Kisha ipimeni kwa mkono. Nzito si lazima iwe nzuri, lakini nyepesi kama boksi tupu la biskuti karibu kila mara ni mbaya, maana ndani wamepunguza koili za kuchuja umeme, vipoza joto vya alumini na kapasita kubwa, vile vikopo vinavyotunza chaji. Wakipunguza hivyo hupunguza pia sakiti za ulinzi, zile zinazopaswa kuzima kifaa umeme ukizidi au waya ukigusana. Nembo ya 80 Plus inasaidia, ila jueni inachopima: inapima umeme usiopotea kwa joto, haipimi uimara. Isitoshe, stika ni karatasi, na karatasi hubandikwa na yeyote.

Mnahitaji wati ngapi? Chache kuliko mnavyoambiwa. Prosesa ya Ryzen 5 5600G imepewa kiwango cha wati 65, na ikishinikizwa hufika kama 88. Mazabodi, RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (diski isiyozunguka) na feni wekeni 40. Jumla haifiki 150. Mkiongeza kadi ya grafiki kama RX 6600, ambayo ni wati 132, mnakaribia 260. Kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 450 inatosha na kubaki. Asije mtu akawauzia ya 750 kwa hofu, wala ya "600" kwa bei ya chapati.

Bado niko hapo hapo, mnivumilie. Baadhi ya pawa saplai za mtumba, na hata mpya za bei ya chini, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230 na kuendelea. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani huzidisha umeme mara mbili: kapasita zilizotengenezwa kubeba volti 400 kwa jumla hupelekewa karibu 650, na mtasikia mlio kama wa baruti. Angalieni swichi hiyo kabla ya kuchomeka, hata kama muuzaji ameapa. Halafu kuna waya wa ardhi. Kasha likiwa linakutekenya vidole ukiligusa, soketi yako haina ardhi, au ipo lakini plagi ni ya pini mbili iliyoingizwa kwa kutegua kile kitundu cha juu kwa kalamu. Nawaona mnacheka, maana kila nyumba ina kalamu hiyo. Kichujio kilichomo kwenye pawa saplai kinapeleka umeme kidogo kwenye bati la kasha, kikitegemea ardhi iupokee. Ardhi isipokuwepo, unaupokea wewe.

Kuhusu kukatika kwa umeme: kinachoua zaidi ni kurudi kwake kwa kishindo kuliko kuondoka kwake. Aina ya gadi mnayofungia friji, inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, ni ulinzi wa bei ndogo kuliko wote. UPS, kisanduku chenye betri ya akiba, ni bora zaidi, lakini 650VA si wati 650, kwa kawaida ni kama 360 hadi 390. Betri yake ndogo ya 12V 7Ah itawapa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu, haitawapa jioni nzima ya tamthilia. Na kwenye joto la pwani betri hiyo huchoka ndani ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo wekeni bajeti ya kuibadilisha.

Sasa twende kwenye swali ambalo wengi hulikwepa: je, kweli mnahitaji kuunda kompyuta mpya? Kama kazi ni kuandika barua, intaneti, masomo ya watoto na hesabu za duka, jibu langu ni hapana. Kompyuta ya ofisini ya mtumba, zile Dell OptiPlex, HP ProDesk na Lenovo ThinkCentre zinazoingia kwa makontena, inafanya kazi hiyo kwa pesa kidogo, na pawa saplai yake ya kiwandani kwa kawaida ni nzuri kuliko nyingi za madukani. Kuunda mpya kunaleta maana kwa mwenye kuhariri video, mwenye kucheza gemu, au anayetaka kuboresha kidogo kidogo kwa miaka.

Kwenye mtumba, msinunue jina. "Core i7" peke yake haisemi kitu. Someni namba inayofuata. Core i7-2600 ni ya 2011, kizazi cha pili. Core i3-12100 ni ya 2022, kizazi cha kumi na mbili, na huyo "mdogo" anamwacha kaka yake mbali sana. Mstari wa kuukumbuka ni kizazi cha nane kwa Intel, mfano Core i5-8500 yenye kori sita, na familia ya Ryzen 2000 kwa AMD, ukiacha chache kama 2200G ambazo ndani yake ni za kizazi cha kwanza. Chini ya hapo Windows 11 haikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana mashine za kizazi cha nne, cha sita na cha saba zimejaa madukani kwa bei ya kutupa. Hazijafa. Wekeni Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, juu yake na mtoto atasoma bila shida. Ila msizilipie bei ya mashine yenye Windows 11, na muuzaji akiwaonyesha kizazi cha sita kinachoendesha Windows 11, jueni imepachikwa kwa njia ya panya.

Msiondoke dukani kabla ya kuiwasha. Ingieni kwenye BIOS, ile menyu ya bodi inayofunguka kabla ya Windows, mwone haina nenosiri la kampuni iliyoitupa. Endesheni programu ya CrystalDiskInfo mwone saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi, na kwa diski ya kuzunguka tazameni mstari wa 05 na ule wa C5, kwenye safu ya Raw Values: vikiwa juu ya sifuri, diski hiyo iacheni hapo. Funueni kifuniko mtazame kapasita zilizovimba kichwani. Jaribuni kila tundu la USB. Na kama mnategemea kuongeza kadi ya grafiki baadaye, chagueni kasha kubwa la mnara. Yale membamba hupokea kadi za kimo kifupi tu, na pawa saplai yake, ambayo mara nyingi ni ya wati 200 hivi, haina waya wa kulisha kadi. Tena plagi zake nyingi ni za kampuni husika pekee, kwa hiyo siku itakapokufa hamtaokota nyingine yoyote mezani mkaichomeka.

Kwa mwenye kuamua kuunda mpya, mgawanyo wangu katika kila shilingi 100 ni huu: prosesa 28, RAM 20, mazabodi 18, pawa saplai 14, SSD 12, kasha na feni 8. Namba hizo si amri. RAM hasa inayumba: tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei yake imepanda sana dunia nzima, kwa kuwa viwanda vichache vinavyoitengeneza vimegeukia mashine za akili mnemba. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kubaki kwenye vifaa vya DDR4, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5. Jukwaa jipya la AMD, yaani aina ya soketi ya prosesa, AM5, linakubali DDR5 pekee. Jukwaa la AM4, lililobeba Ryzen za kwanza mwaka 2017, linakula DDR4, na vijiti vya DDR4 vya mtumba vinapatikana, mradi viwe vile virefu vya kompyuta ya mezani, si vifupi vya laptopu.

Herufi moja kwenye jina la prosesa inaweza kuwaharibia wiki nzima. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake. Ryzen 5 5600, bila G, haina. Kwa Intel mambo yamegeuka: Core i3-12100 ina grafiki, na 12100F haina. Mtu anaona isiyo na grafiki ni nafuu kidogo, anaichukua, anafunga kila kitu vizuri, anawasha, feni zinazunguka, kioo cheusi. Hakuna kilichoharibika. Hakuna tu cha kuchora picha. Zisizo na grafiki ni za mtu aliyekwisha kununua kadi.

Mazabodi ya AM4 aina ya A520 inatosha kwa 5600G. Ulizeni toleo la BIOS kabla ya kulipa, kwa sababu bodi hizi zilitoka kabla ya prosesa za familia ya 5000, na iliyokaa ghalani muda mrefu haitaitambua mpaka isasishwe. Kwa bodi za zamani zaidi, B450 na A320, tahadhari hiyo ni kubwa maradufu. Mwenye duka muungwana atawasasishia palepale. Kwa Intel, bodi za H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5 kwa sura ileile. Someni boksi, maana kijiti cha aina moja hakiingii kwenye nafasi ya nyingine, na nguvu haisaidii.

RAM ndipo pesa kidogo hubadilisha mambo mengi. Kwa prosesa yenye grafiki ndani, nunueni vijiti viwili vya GB 8, msinunue kimoja cha GB 16. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mfumo. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili pamoja, 51.2. Ni sawa na kuongeza njia ya pili barabarani: magari ni yaleyale, foleni inakatika. Kwenye gemu mtaona tofauti kwa macho, bila kuhitaji kipimo. Bodi ikiwa na nafasi nne, tumieni ya pili na ya nne mkihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingieni BIOS muwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi mliyoilipia, ambao bodi nyingine huuita DOCP. Usipoiwasha, vijiti vingi mlivyolipia 3200 vitatembea 2133 au 2400 miaka yote, na hakuna taa itakayowaambia.

SSD sina mengi. GB 500 ni mwanzo mzuri, na kwa matumizi ya nyumbani tofauti kati ya SATA, njia ya zamani, na NVMe, ya kasi zaidi, haionekani kama ile kati ya SSD yoyote na diski ya kuzunguka. Kitu kimoja tu: nafasi ya M.2, ile ya SSD bapa kama kijiti, kwenye bodi yako inaweza kuwa ya NVMe peke yake, na SSD za M.2 za SATA zipo sokoni zikifanana nazo sana. Na ile SSD ya "2TB" kwa bei ya mlo wa mchana ni memori kadi iliyovalishwa koti. Programu ya H2testw itaijaza mpaka mwisho na kuwaonyesha inaposema uongo.

Kadi ya grafiki si ya lazima siku ya kwanza, na 5600G inawapa nafasi ya kusubiri. Mkifika huko, ogopeni mambo mawili. GT 1030 iko ya aina mbili chini ya jina moja: yenye GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki hata 17. Pili, kuna kadi za GTX 1050 Ti ambazo ndani ni kadi za zamani sana zilizobadilishiwa jina kwa programu. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi, iendeshe dukani. Kadi za namna hiyo huandikiwa neno FAKE mbele ya jina lake.

Kasha lisiwe la kioo mbele. Kwetu joto la chumba hufika nyuzi 32, na kasha lililozibwa mbele ni jiko. Chagueni lenye wavu, feni moja mbele ikiingiza hewa, moja nyuma ikiitoa. Mkae pwani au Dodoma, vumbi lipo. Kila miezi mitatu lipulizeni nje, mkishika feni kwa kidole zisizunguke kwa nguvu ya upepo.

Kufunga si kugumu, ila kuna mahali watu hukwama kila mara. Anzeni juu ya boksi la mazabodi, nje ya kasha. Prosesa ya AM4 ina pini 1,331 tumboni, nyembamba kama nywele: lingisha pembetatu na pembetatu, inua mkono wa soketi, iache ishuke kwa uzito wake. Ikikataa, usiisukume. Feni ya Wraith Stealth inayokuja nayo ina pesti ya kupitisha joto tayari, usiiguse. Feni hiyo hufungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo fungueni vishikizo viwili vya plastiki vilivyo juu ya bodi, lakini shikeni bamba la nyuma kwa mkono mwingine, maana ukitoa vishikizo bamba hudondoka, na skrubu zinalihitaji. Siku ya kuing'oa, washeni mashine ipate joto kwanza, izimeni, ichomoeni, kisha pindueni feni kushoto na kulia taratibu. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa inatoka nayo ikiwa imeng'ang'ania pesti, na pini zinapinda.

Kwenye kasha hesabuni vile vinguzo vifupi vya shaba ambavyo bodi hukalia. Kikikosekana bodi inabonyea, na kikizidi mahali pasipo na tundu kinagusa sakiti kwa chini na mashine haiwaki kabisa. Waya wa pini nane wa prosesa husahaulika kuliko vyote, kwa sababu umejificha pembeni juu. Msiuchanganye na ule wa kadi ya grafiki wenye pini nane pia: maumbo yanatofautiana kidogo, na anayelazimisha anaunguza. Kama waya za pawa saplai zinachomoka, msitumie za kampuni nyingine hata zikiingia vizuri, kwani mpangilio wa upande wa pawa saplai si mmoja, na diski ndiyo hulipa.

Ikikataa kutoa picha, msifumue kila kitu. Subirini dakika moja kwanza, maana mara ya kwanza bodi hujifunza RAM. Kisha tazameni ule waya wa pini nane. Kisha toeni vijiti vya RAM, bakizeni kimoja, mkisukume mpaka kilie "ta". Kisha tazameni waya wa monita umechomekwa wapi: mwenye kadi achomeke kwenye kadi, asiye na kadi kwenye mazabodi. Vikishindikana vyote, izimeni, ichomoeni, toeni betri ndogo ya CR2032 kwa dakika tano, rudisheni. Hapo ndipo mrudi dukani, na hapo ndipo risiti ya EFD yenye jina la kifaa inapofanya kazi yake. Iliyoandikwa "vifaa vya kompyuta" tu haitawasaidia kubishana.

Hapa mezani nimeweka pawa saplai mbili zilizofunguliwa, zote lebo zinasema wati 500. Hazina umeme na kapasita zimeshaishiwa chaji. Njooni wawili wawili, mzibebe moja kila mkono, kisha tazameni ndani kwa tochi za simu zenu mniambie ni ipi mngeipeleka nyumbani.